Kondakta wa Ruti ya Uraka

Ukimwambia Kondakta kwamba unataka kwenda kunywa uraka, hakuulizi unataka kunywa kiasi gani. Anakuuliza unataka kuunywa saa ngapi. Kwake hilo ndilo swali, na asiyekuwa na jibu anatazamwa kama abiria aliyepanda gari bila kujua linaelekea wapi.

Uraka, kwa asiyeujua, ni maji ya mabibo, yale matunda ya mkorosho ambayo korosho inaning'inia chini yake. Huku kwetu Masasi na kule juu Newala, msimu ukifika korosho zinakwenda ghalani na mabibo yanabaki nyumbani. Kina mama wanayakamua jioni, wanayachuja na kuyaacha kwenye ndoo na vyungu yachachuke yenyewe. Asubuhi uraka ni mtamu, una povu jembamba na mtoto anaweza kuomba. Mchana umeota meno. Jua likishuka umekuwa mkali wa kukunja uso, na ukichelewa zaidi unabaki wa kumwaga au wa kuwapa wale wasiochagua. Kwa hiyo kila uraka una saa yake, tena kila mama ana mkono wake: mmoja anachuja mara nyingi, mwingine anaacha nyuzinyuzi kwa makusudi, mwingine anachanganya mabibo mekundu na ya njano. Kondakta amelala na mambo haya kichwani miaka yote ninayomfahamu.

Kazi yake ilikuwa kukusanya nauli na kupanga watu kwenye basi la Masasi na Newala. Lile basi lilikuja kufa, likakatwakatwa vyuma, tajiri wake akahamia kwenye biashara ya simenti, na sisi tukadhani Kondakta naye amekwisha. Wapi! Msimu uliofuata alipita nyumba kwa nyumba akitutangazia kwamba Jumamosi fulani kutakuwa na safari ya siku moja ya kuonja uraka, kuanzia Masasi mjini, kupitia Lisekese, kupanda mlima hadi Newala, kwenda Makote na kurudi. Gari la kukodi, viti vya kuhesabika, hakuna kusimama. Alitangaza kwa sauti ile ile ya stendi, mpaka mbwa wa jirani yangu akakimbilia uvunguni.

Mimi nilikuwa wa kwanza kujiandikisha. Ananiita Karani kwa sababu nilikuwa karani wa ghala la korosho, nikiwa na cheti changu cha kidato cha nne ambacho nilikitaja kila mahali kama vile ni cha udaktari. Yeye shule aliiacha mapema, na hilo halikumsumbua hata siku moja. Lilinisumbua mimi kwa niaba yake, jambo ambalo sasa naliona kuwa upuuzi.

Lazima umwone anapopanga safari. Hapo ndipo mtu huyu anapokuwa kijana. Anatandika mkeka barazani kwake, anamwaga korosho ghafi, na kila korosho inakuwa kituo. "Hapa Lisekese," anasema, akiisukuma moja kwa kidole. "Hapa tunafika uraka ungali mtamu. Walimu wanakunywa hapa, maana walimu hawana tumbo. Hapa tunapanda mlima. Hapa Newala sokoni, mihogo ya kuchoma, kila mtu ale, asiyekula hapandi gari. Halafu hapa..." Anarudisha korosho moja nyuma, anaipeleka mbele, anaguna. Mkewe anapita na sinia na kumwambia, "Baba Yona, hizo korosho nataka kuzikaanga." Anamjibu bila kuinua kichwa, "Kaanga, lakini Newala uniachie."

Ana mazoea ya basi, kana kwamba gari limekufa ila yeye hajaambiwa. Hawaiti watu kwa majina yao, anawaita kwa kituo wanachoshukia. Mwalimu mkuu mstaafu wa jirani yetu ni "Lisekese", na mzee yule huitika. Kanisani Jumapili hawezi kuona benchi lina nafasi. Nimemsikia kwa masikio yangu, padri ameinua mikono, Kondakta anasema kwa ile aliyodhani ni sauti ya chini: "Benchi hilo ni la watu sita, nawaona wanne. Songeni, kuna mama na mtoto." Siku ya mazishi ya kaka yake alilia mpaka akakaa chini, kisha akainuka na kuanza kupanga watu wa kubeba jeneza kwa urefu wao, mrefu na mrefu, mfupi na mfupi, akaishia kumwondoa mchungaji mmoja kwenye foleni kwa sababu anapinda bega.

Usemi wake ni mmoja: "Kiti chako kinakungoja, mimi sikungoji." Anausema akitabasamu, lakini ukichelewa utawakuta wamekwenda. Amewahi kumwacha mwanawe wa kumzaa pale stendi akiwa ameshika chapati mkononi.

Halafu kuna jambo ambalo wageni hawaamini: hanywi. Kila kituo anapewa kata ya kwanza, anavuta funda moja, analizungusha mdomoni akiwa amefumba macho, anakwenda kulitema nyuma ya mti, kisha anarudi kutoa hukumu. "Huu bado unasinzia. Tusubiri kidogo." Au: "Huu umeamka, mkaribisheni." Abiria wanashangilia. Nipa, ile ya kuchemsha na kukinga mvuke, haitaki kabisa kwenye ruti yake. Anayeileta kwa siri kwenye chupa ya maji anashushwa papo hapo, hata kama ni porini. Nilimuuliza siku moja, "Wewe kwani uraka unaupenda?" Akafikiri sana. "Nampenda mtu anayeunywa kwa saa yake," akasema. "Uso wake unafunguka. Mimi nasafiri kwenda kutazama nyuso."

Ana jingine la kukumbuka: hapandi mlima mikono mitupu. Newala maji ni shida ya siku zote, na anayeuza uraka anahitaji maji ya kusuuza vikombe vya watu. Kwa hiyo nyuma ya gari kunakuwa na madumu ya maji ya Masasi, dumu kwa kila mama tutakayemtembelea. Analikabidhi kwa maneno mabaya, kwa sababu yeye ni Mmakua na wale kina mama wa juu ni Wamakonde, na Wamakua na Wamakonde ni watani. "Haya, chukua uoge, harufu yako ng'ambo ya Ruvuma wameilalamikia." Naye mama anajibu, "Asante, nitakuogesha wewe siku ya kufa kwako, maana ukiwa hai hukubali." Ukiwa mgeni utadhani watapigana. Hapo ndipo wanapopendana.

Kati yao wote, mtani wake mkubwa alikuwa Mama Tekla wa Makote.

Huyu mama ana mikorosho ya kutosha na mkono wa ajabu. Uraka wake nilipouonja mara ya kwanza nilinyamaza, na mimi si mtu wa kunyamaza. Alikuwa akisikia gari tu, anatoka uani na mwiko mkononi: "We Mmakua, hujafa tu?" Kondakta anajibu akiwa bado hajashuka: "Nikifa nani atakuzika? Nyie Wamakonde hata maji ya kukandia udongo wa kaburi hamna!" Wanaendelea hivyo mpaka abiria wanashika mbavu. Makote ilikuwa kituo cha mwisho cha ruti, na Kondakta alikipanga mwisho kwa makusudi, kama mtu anavyoacha nyama pembeni ya sahani.

Nami ndiye niliyekiharibu.

Sitazunguka. Mwaka ule Mama Tekla alikamua mabibo ya shamba zima kwa sababu Kondakta alimtumia ujumbe kwamba tunakuja wengi. Aliita majirani, aliita wapiga ngoma. Sisi tulifika Newala kwa wakati mzuri, tukala mihogo, na mimi nikakutana na mtu niliyefanya naye kazi ghalani. Nikaagiza kata, nikaagiza nyingine. Kondakta alikuja mara ya kwanza akaniambia, "Karani, gari." Nikamwambia bado kidogo. Akaja tena. Nikasema, "Rafiki yangu, hata mimi utaniacha?" Akasita. Mtu aliyemwacha mwanawe na chapati akashindwa kuniacha mimi. Tulipofika Makote jua lilikuwa limezama, ngoma zimenyamaza, na uraka umepita saa yake.

Mama Tekla alitupokea hivyo hivyo, akacheka hivyo hivyo, akanichotea mimi kwanza kwa kuwa nilikuwa mkubwa kwa umri kati ya abiria. Nikaonja. Na mbele ya majirani zake wote nikasema kwa sauti, "Mama, hii siki!"

Nilidhani nachekesha. Nilikuwa nimemsikia Kondakta akimwambia mabaya zaidi ya hayo. Kilichonipita ni kwamba Kondakta ni mtani wake, na mimi si mtani wake. Mimi ni Mmakonde mwenzake, kati ya nilikozaliwa na kwao hakuna hata mwendo wa nusu siku. Neno lile lile kinywani mwa Mmakua lingekuwa kicheko. Kinywani mwangu lilikuwa tusi la ndugu kwa ndugu, mbele ya watu. Nilimtazama Kondakta aseme chochote. Alikuwa ameangalia viatu vyake.

Msimu uliofuata alikwenda Makote peke yake kupanga safari. Alirudi uso umesawijika. "Ameniamkia," akaniambia.

"Si vizuri?"

"Karani, hunisikii. Mama Tekla ameniambia shikamoo baba. Akaniuliza habari za nyumbani. Akanipa kiti."

Basi nikaelewa. Alikuwa amemtoa kwenye utani. Alimpa heshima yote anayopewa mtu baki, na heshima ile ilikuwa mlango uliofungwa. Makote ikaondoka kwenye mkeka. Misimu ikapita, safari zikafanyika nzuri tu, zikiishia Newala, na kila mwaka Kondakta alizidi kuwa mkali kuhusu muda. Aliamini kilichomwudhi mama yule ni kuchelewa. Alianza kuwahimiza watu wameze haraka. Mzee mmoja alipaliwa.

Mwaka huu mambo yamechangamka kupita miaka yote. Walimu wa sekondari hapa Masasi wana wageni kutoka Dar es Salaam waliosikia habari za uraka na kuomba wapelekwe siku nzima, waone mabibo yakikamuliwa, waonje kila mahali. Kondakta alipoambiwa hakulala. Asubuhi yake nilimkuta barazani, mkeka umetandikwa, mguu wake mmoja, ambao siku hizi umeanza kugoma, ameunyoosha, korosho zimejaa mpaka kwenye ngazi.

"Karani! Kaa hapa, usikanyage Lisekese. Sikiliza. Watu wa Dar wanaujua uraka? Hawaujui! Watauonja ukiwa mtoto, wauonje ukiwa kijana, wauonje ukiwa mtu mzima, siku moja! Uraka mmoja, umri tofauti!" Alikuwa anatetemeka kwa furaha. Nami nilianza kutetemeka, siwezi kudanganya. Tulibishana kuhusu mihogo, kuhusu kofia za jua, kuhusu mahali pa kuwasimamisha wageni kwenye ukingo wa mlima walione bonde la Ruvuma kabla ya kata ya kwanza ya Newala au baada. Yeye alisema kabla, kwa sababu baada yake wengine wataliona mara mbili.

Kisha akaacha kupanga. Mkononi alikuwa na korosho moja hajaiweka.

"Safari isiyofika Makote ni nusu," akasema. "Na mguu huu, Karani, sijui kama utanipandisha mlima msimu mwingine."

"Twende tukamwombe," nikasema.

"Nimwombe nini? Ataniambia shikamoo."

"Nitaomba mimi. Niliyeharibu ni mimi."

Tulikwenda siku ya pili yake, kwa gari la mtu aliyekuwa anapeleka magunia matupu. Kondakta alikuwa amevaa shati jeupe la kanisani, limepigwa pasi mpaka mikono ikasimama. Mimi nilikuwa napanga hotuba, na kila nilipoipanga ilinijia kama barua ya ofisini.

Tulimkuta Mama Tekla uani, mbele ya rundo la mabibo, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. Ameongezeka mvi. Alituona, akajifuta kwa kanga, akapiga goti kidogo.

"Shikamooni, baba zangu. Karibuni viti. Habari za Masasi?"

Nilimwona Kondakta akipungua ndani ya shati lile.

Hotuba yangu ikaniruka. Nikasema tu, "Mama Tekla, mwaka ule niliwachelewesha wenzangu kwa ulafi wangu. Halafu nikakutukana kwenye uwanja wako, mimi nisiye na ruhusa hiyo. Nilikosa. Nimechelewa pia kuja kukuambia."

Alinitazama kwa utulivu. "Wewe mbona nilikusamehe siku ile ile? Mdomo wako naujua. Mama yako mzazi alikuwa akiulalamikia kisimani." Akageuka kidogo. "Ambaye sikumsamehe ni huyu."

Kondakta akainua kichwa. "Najua, mama. Nilichelewa. Lakini tangu siku hiyo sijachelewa tena, waulize..."

"Nani anazungumza habari za kuchelewa?" Sauti yake ikapanda. "Uraka umechacha, haya, umechacha! Nisingejua? Nimeukamua mimi! Ndugu yangu ananiita mchuuza siki mbele ya majirani, na mtani wangu yupo pale, amesimama, ana mdomo, na ananyamaza! Kazi ya mtani ni nini? Ungesema neno moja tu. Ungesema hata siki hiyo ni nzuri kuliko mahari ya dada zako. Watu wangecheka, yangekwisha. Ukaniacha pale kama gunia. Nikasema, basi, huyu hanitaki tena."

Miaka yote ile mzee wa watu alikuwa akiwakimbiza walevi kwa saa, na kosa lake halikuwa la saa hata kidogo.

Mtu aliyewahi kutangaza safari mpaka mbwa akajificha alikuwa anatafuta sauti. Nilitaka kumsaidia, kisha nikakumbuka ni namna gani niliwahi kusaidia, nikauma ulimi.

"Nilikuwa naona haya," akasema polepole.

"Mtani haoni haya."

"Nimeona." Akavuta pumzi. Akatazama rundo la mabibo, akamtazama mama, akatazama tena rundo. Nikaona kona ya mdomo wake inacheza. "Lakini na wewe, Mama Tekla. Uraka wa mwaka ule... wageni wangu watatu waliota nywele kwenye ulimi."

Mama Tekla akakunja uso.

"Na mmoja," akaendelea, sauti ikianza kurudi, "alikuwa na upara. Akarudi kwako kuulizia kama unauza wa kupaka."

Mama Tekla alishika mdomo kwa mkono uliojaa maji ya mabibo. Mabega yakaanza kutikisika. "We Mmakua mchafu!" akapiga kelele. "We mzee wa kunuka basi! Umekuja uani kwangu na mguu wako wa kuazima kunitukania uraka! Nenda kazikwe! Nenda!"

"Nizikwe wapi? Huku kwenu? Nife na kiu?"

"Utazikwa hapo kwenye choo cha mbuzi!" Akachota makapi ya mabibo kwa kiganja, yanachuruzika, akamrushia. Yalimpata kifuani, pwaa, katikati ya shati.

Nilishtuka. Maji ya bibo yakikaa kwenye nguo nyeupe hayana sabuni. Kondakta alijitazama, akafungua mikono kama mtu anayepimwa suti.

Waliongea mpaka adhuhuri wakipanga, wote wawili kwa pamoja, mimi nikiwa katikati bila kusikilizwa. Mama Tekla alisema ili safari iwe sahihi lazima ianzie Makote, alfajiri, wageni wakute ndoo zinafunuliwa, kisha ndipo washuke na uraka unaokua. Kondakta akasema haiwezekani, gari linaanzia Masasi, limeanzia Masasi tangu dunia iumbwe.

"Basi gari lako lianzie Masasi. Uraka wangu unaanzia hapa. Wageni walale kwangu na kwa majirani, mikeka tunayo."

Nikamwona anahesabu vituo hewani kwa kidole, kinyumenyume, Makote, Newala, mlimani, Lisekese. Macho yakamtoka. "Mtoto juu," akanong'ona, "kijana sokoni, mtu mzima Lisekese. Mama Tekla, kwa nini hukuniambia zamani?"

"Ningemwambiaje mtu ninayemwamkia?"

Tuliteremkia Newala mchana kutafuta usafiri wa kurudi. Soko lilikuwa limejaa. Doa lilikuwa limeshaanza kugeuka rangi ya kahawia, kubwa, kutoka ukosi hadi kwenye vifungo, na watu walikuwa wanageuka kutazama. Nikavua koti langu nikampa ajifunike.

"Nijifunike nini?" akaniuliza, akalisukuma koti. Akatoa kifua mbele na kuchechemea katikati ya soko, polepole zaidi ya alivyohitaji, akimwamkia kila mtu. Mama mmoja muuza mihogo akamwambia kwa huruma, "Pole baba, limeharibika shati zuri."

"Limeharibika?" Kondakta akasimama kabisa, akalivuta shati kwa vidole viwili ili alione vizuri. "Mwanangu, doa hili nimetiliwa na mtani wangu wa Makote. Halitoki hili!"